Wageni Sebuleni, Mgonjwa Chumbani

Wiki mbili za kwanza sikukosa watu, nilikosa viti. Mume wangu alipoanguka bafuni na kupooza upande wa kulia, nyumba yetu ya Tabata ilijaa toka asubuhi hadi usiku. Walikuja wanajumuiya, yaani Wakatoliki wa mtaani tunaosali pamoja, wanakwaya wenzake, watu wa dukani kwake Kariakoo, ndugu waliopanda basi kutoka Kilimanjaro, na majirani zetu Waislamu waliokuja na sinia la pilau bila kuombwa. Kila mmoja alitoa pole, akasali, akaacha bahasha, na akiwa mlangoni akasema, "Ukihitaji chochote nipigie." Baada ya hapo ukaja mwezi wa tatu wa kuuguza. Habari za mwezi wa tatu hakuna aliyekuwa amenipa, na ndizo nataka kuwapa nyinyi mnaouguza, na nyinyi mnaosali jumuiya moja na anayeuguza.

Hospitali nitaipitia haraka. Presha alikuwa nayo miaka, dawa akizimeza siku anayojisikia vibaya na kuziacha akipata nafuu. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno, kwa hiyo vyote viliondoka pamoja. Ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanakokota, usimkande, usimpake mafuta, usimpe maji ya kunywa. Tafuta gari. Kila dakika ubongo unapoteza kitu.

Tuliporuhusiwa, nesi mmoja alisimama nami koridoni akanipa mafunzo ambayo angeyatoa kwa siku nzima, yeye akayatoa kwa muda wa kunywa chai. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akatoka vidonda mgongoni na kwenye nyonga. Mpira wa mkojo usiburuzwe chini. Chakula kiwe kizito kidogo, uji mzito kuliko maji, na asile wala kunywa akiwa amelala. Aketishwe wima, na abaki ameketi kwa muda baada ya kumeza. Nikaitikia kila neno kama mwanafunzi. Nyumbani nikakuta sebule imejaa.

Sasa, sisi tulivyolelewa, mgeni hageuziwi mgongo. Anayekuja kutoa pole unamkaribisha, unamwekea chai, unamsimulia ilikuwaje tangu mwanzo, naye anatikisa kichwa. Akija mwingine unaanza upya. Nilikuwa nachemsha chai jikoni huku nasikiliza saa ya kumgeuza mgonjwa, sukari ikiisha kama tuna kilio. Na mgeni mwenye huruma zake aliingia chumbani nikiwa jikoni, akamwona amekauka midomo, akamnywesha soda akiwa amelala chali. Akapaliwa. Baada ya siku chache kifua kikaanza kukoroma, homa ikapanda, tukarudi wodini na homa ya mapafu. Aliyefanya hivyo ni mtu mwema kabisa, na hadi leo hajui. Sijamwambia na sitamwambia.

Aliyeona hali ile ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Hakuniuliza nataka nini. Alihamisha mapokezi. Wageni wote wakawa wanapokelewa kibarazani kwa jirani, huko ndiko kuna chai na daftari la bahasha, na ndani wanaingia wawili wawili kwa muda wa Baba Yetu moja na Salamu Maria chache. Mlangoni kwa mgonjwa akabandika karatasi kwa herufi kubwa: ASIPEWE KITU CHOCHOTE MDOMONI. Wapo walionuna. Mmoja alisema hajawahi kuona msiba wa kupangiwa foleni, akajibiwa kwamba hapa hakuna msiba.

Kama unasindikiza familia yenye mgonjwa na hujui uanzie wapi, anza na mlango. Mtu wa kulinda mlango ana thamani kuliko watu kumi wa kusali sebuleni, na nasema hivyo nikiwa naamini sala.

Suala la picha nalo liliingia hapo hapo. Kwenye grupu la WhatsApp la kwaya niliikuta picha ya mume wangu amelala na mpira puani, chini yake mikono ya maombi kama hamsini. Aliyeiweka alitaka watu wamkumbuke. Lakini mtu aliyekuwa akivaa tai kila Jumapili na kusimama safu ya mbele ya besi hawezi kukubali aonekane vile, ila tu wakati ule hakuwa na ulimi wa kukataa. Mwenyekiti alipiga simu, picha ikaondolewa. Tangu siku hiyo taarifa ya mgonjwa ilitoka kwa mtu mmoja tu, mistari miwili, bila picha.

Nije kwenye sakramenti, maana hapo palikuwa na vita. Katekista alipendekeza Baba Paroko aje kumpa Mpako wa Wagonjwa. Mama mkwe wangu alisimama. "Mnamzika mwanangu angali hai?" Kwa wazee wengi mpako ni ule wa mwisho, padre akionekana na chupa ya mafuta, watu wanaanza kutafuta turubai. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulishalisema hili mwaka 1963, kwamba si sakramenti ya walio kwenye kukata roho peke yao, lakini hilo halijafika kwenye kila kijiji, na kusema kweli halijafika kwenye kila mtaa wa Dar es Salaam. Padre alipofika hakumhubiria. Aliketi chini mkekani karibu na yule mama akasema, "Mama, nimekuja kumwombea apone. Ukinikatalia nitasali hapa hapa ukumbini." Mama akafikiri, akasema, "Basi mpake, lakini usiseme neno kifo." Akapakwa kwenye paji la uso na viganja. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjamana, padre akaufungua kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayefungua fundo la uzi asitake kuukata.

Ushauri wangu: usingoje hali iwe mbaya ndipo umwite padre, na mwandae mzee wa familia kabla. Na mpako hautolewi mara moja tu maishani. Hali ikizidi, au ugonjwa mwingine ukija, mtu anapakwa tena. Kama mgonjwa anaweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, parokia nyingi huwa na Misa ya wagonjwa tarehe 11 Februari, siku ya Bikira Maria wa Lurdi, ambayo Papa Yohane Paulo II aliifanya Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992. Sisi tulikwenda kwa bajaji. Mama mkwe ndiye aliyeshika kiti.

Mwezi wa tatu ulifika bila kelele. Ndugu wa Kilimanjaro walisharudi, kahawa hazisubiri. Kwaya ilikuwa na mashindano. Dukani kwa mume wangu walishaweka mtu mwingine, kwa haki kabisa, biashara haiwezi kungoja mguu wa mtu. Mimi nilikuwa nimefunga genge langu. Bahasha zilikwisha, na matumizi ndiyo kwanza yalikuwa yanakolea: pampasi za watu wazima ambazo hazitoshi paketi moja kwa wiki, dawa za presha na za kuzuia damu isigande, bajaji ya kwenda na kurudi kliniki, na mtaalamu wa mazoezi anayekuja nyumbani kwa malipo ya kila anapokuja. Hayo mazoezi ndiyo usiyakate, kata vingine vyote kwanza. Miezi ya mwanzo ndipo mwili unapojifunza upya kwa kasi kubwa zaidi, na familia nyingi zinamaliza fedha kwenye chai ya wageni, wakifika kwenye mazoezi mfuko mtupu. Mwambie mtaalamu aje mara moja kwa wiki na amfundishe kijana wa nyumbani kumnyoosha siku nyingine. Hiyo inawezekana na inapunguza gharama sana.

Na usingizi. Ukimgeuza mtu kila saa mbili usiku kwa miezi, unafika mahali unasikia sauti ambazo hazipo. Nilikuwa nasimama mbele ya jiko nimesahau nilichokuja kufanya. Nikijaribu kusali, nafungua mdomo, kinachotoka ni hasira. Jumuiya yetu inakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nikaacha kwenda. Watu wakadhani ni kwa sababu ya mgonjwa. Ilikuwa ni deni. Tulikuwa nyuma ya zaka na tegemeza jimbo, ule mchango wa kuliendesha jimbo, na mchango wa ujenzi, na kuna Jumamosi moja orodha ilisomwa kwa sauti, jina letu likiwemo, kabla ya sala ya kufunga. Hakuna aliyekusudia kunidhalilisha. Orodha ilisomwa kwa sababu husomwa kila mwezi.

Aliyekuja kunitoa shimoni alikuwa mjane mmoja wa jumuiya, muuza vitumbua, ambaye katika kundi lile la sebuleni mwanzoni sikumbuki hata kama nilimwona. Alikuja Jumanne mchana, biashara yake ya asubuhi ikiwa imekwisha. Akavua viatu, akafunga kanga kiunoni. Nikaanza yale maneno yetu, karibu mama, asante kwa kutukumbuka, samahani nyumba haijapangwa. Akanikata: "Usiniambie asante, niambie sabuni iko wapi."

Alifua mashuka. Akamgeuza mgonjwa mwenyewe, alikuwa ameuguza mumewe kwa hiyo mikono ilijua kazi. Kisha akaniambia, "Nenda kalale. Mimi nina rozari yangu na huyu bwana, tunatosha." Nililala hadi jioni. Niliamka nimechanganyikiwa, sijui ni siku gani, nikakuta amekaa pale pale.

Ijumaa akaja tena. Jumanne iliyofuata tena, saa ile ile. Sikuwahi kumpigia. Na hapo ndipo nilipoielewa shida ya "ukihitaji chochote nipigie". Anayeuguza hana nguvu ya kupiga. Kupiga ni kuomba, na kuomba kunataka uchague nani, useme nini, ujiandae kukataliwa. Yule mama aliniondolea kazi hiyo yote kwa kuwa na siku yake. Nilijua Jumanne ipo. Usiku wa Jumatatu ulikuwa unapita kwa sababu ya Jumanne.

Siku moja nilimwambia ukweli, kwamba sisali tena, kwamba nikisema "mapenzi yako yatimizwe" nasikia meno yanasagana. Niliogopa atashtuka. Alikuwa anakunja mashuka. Akasema, "Basi usisali. Mimi nasali, wewe kaa hapa." Akaendelea kukunja. Baadaye katekista, nilipomsimulia, alinikumbusha habari ya Musa kwenye kitabu cha Kutoka, vita dhidi ya Waamaleki, jinsi Haruni na Huri walivyoshika mikono yake ilipochoka. Watu wakihubiri pale wanakimbilia mikono. Yeye aliniambia niangalie kilichotangulia: kwanza walimtafutia jiwe la kukalia.

Nimeishi na Wakristo wanaosali vizuri kuliko yule mama, wenye sauti na mistari. Wapo ambao walinishauri nisamehe kwanza ndipo mume atapona, kana kwamba ninamfungia mimi uponyaji wake. Shemeji yangu mmoja alikuja na jambo la nabii wa upande wa pili wa jiji, mwenye maji na mafuta, akataka tumpeleke na tuache vidonge vya presha "ili imani isigawanyike". Alisema pia kuna mtu kazini aliyemwonea wivu kaka yake, mnaelewa alikokuwa anaelekea. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningekubali chochote. Katekista hakubishana naye. Alimwambia, "Shemeji, vizuri. Njoo ulale naye usiku mmoja, umgeuze, asubuhi tutazungumza habari ya nabii." Akaja, akalala. Asubuhi alikuwa mwekundu macho, hakumtaja nabii. Tangu hapo ndiye analeta pampasi kila mwisho wa mwezi, na vidonge havikukatika hata siku moja.

Hadithi ya Salamu Maria naisimulia kwa uangalifu, maana imeshazunguka mtaani ikiwa imeongezwa chumvi. Mume wangu alikuwa hawezi kusema "maji". Alitaka maji, akasema "nanihii", akalia kwa hasira. Jioni moja ya mwezi wa Rozari wanajumuiya wachache walikuja kusali chumbani kwake. Fumbo la pili, watu wanaitikia, nikasikia sauti ya besi, nzito, imekwaruza: "...utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina." Maneno yote, bila kukosea. Watu walinyamaza. Mama mkwe akaanza kupiga vigelegele. Kuna aliyetaka tutangaze muujiza Jumapili na akaongeza kwamba sasa dawa za nini.

Mtaalamu wa mazoezi alipokuja nikamweleza. Akasema huwa inatokea: maneno ambayo mtu ameyakariri toka utotoni, sala, nyimbo, siku za wiki, kuhesabu, mara nyingi hubaki hata pale mtu anaposhindwa kuunda sentensi yake mwenyewe. Akatuambia tuitumie. Tukaanza kuimba naye nyimbo za kwaya, neno la mwisho tunamwachia amalizie. Sijui mstari kati ya muujiza na ubongo uko wapi, na sioni faida ya kuutafuta. Najua kwamba kama watu wale wangekuwa wamesali sebuleni, wakampelekea "baraka" chumbani, tusingeisikia ile sauti mapema vile. Msalie mgonjwa pamoja naye, chumbani kwake, kwa sala anazozijua, polepole. Acha zile sala ndefu za kubuni asizoweza kuzifuata.

Kitu kingine kilichochelewa ni wanaume. Wanawake walijaa, marafiki zake walitoweka. Niliwalaumu moyoni mpaka mmoja aliponiambia ukweli: walikuwa wanaogopa kukaa na mtu asiyejibu, hawajui waseme nini. Nikamwambia usiseme kitu, njoo umnyoe ndevu. Akaja Jumamosi na mashine yake. Mwingine akawa anakuja siku ya mechi ya Simba na Yanga, wanakaa na televisheni, huyu anapiga kelele, yule anapiga mkono mmoja kwenye godoro. Mume wangu alikuwa akinitazama mimi kama mgonjwa anavyomtazama nesi. Akiwa na wale alikuwa mwanamume anayeangalia mpira. Mzee anayeleta Komunyo kila Jumapili naye alijifunza kubaki robo saa baada ya sala, akimsimulia nani kaimba vibaya.

Yule mama wa vitumbua naye alichoka. Mgongo ulimkamata, akaja akiwa amejikaza, na kama si binti yake kuniambia nisingejua. Hapo ndipo mwenyekiti alipotengeneza zamu, na alipaswa kuitengeneza toka mwanzo. Watu wachache, si jumuiya nzima, kila mmoja na siku yake na kazi yake: huyu kufua, huyu kukaa na mgonjwa mchana, kijana mmoja wa bajaji siku za kliniki kwa bei ya mafuta tu, dada mmoja kumpeleka mtoto wetu wa mwisho mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ili asiachwe nyuma kwa sababu ya nyumba yenye ugonjwa. Asiyeweza kuja anatafuta wa kumshikia zamu, haniambii mimi. Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo iliyoishikilia zamu ikadumu.

Mume wangu sasa anatembea na fimbo hadi getini. Mkono haujarudi. Anasema sentensi fupi, na akikwama anaimba, watoto wanacheka naye anacheka. Nimefungua genge asubuhi tu.

Jumuiyani nimerudi, na nimekuwa msumbufu. Nimependekeza mambo mawili. Kwanza, orodha ya madeni isisomwe kwa sauti. Mweka hazina amfuate mtu nyumbani kwake. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuamua jumuiya hizi ndogo ndogo ziwe msingi wa uchungaji Afrika Mashariki, sidhani kama walikuwa na daftari la madeni kichwani. Hilo limepita, kwa shida. La pili ni kwamba fedha za kuona wagonjwa zisitoke zote wiki ya kwanza. Nusu ibaki, ipelekwe mwezi wa tatu pamoja na watu wawili wa kuuliza zamu ikoje. Hapo tumegawanyika. Wengine wanasema tukichelewesha fedha na mgonjwa akafa, tutaonekana tuliificha. Hoja yao ina uzito, nimeshindwa kuijibu vizuri. Mama wa vitumbua anasema tupeleke zote mwanzoni na mwezi wa tatu tupeleke sabuni. Linarudi mezani Jumamosi.